Darasa Lililoitikia kwa Kuguna

Waliokuwapo asubuhi ile kwenye baraza ya skuli, mtaa wa Malindi, mwaka wa 1955: Mwalim Msabah, mwenye darasa, Bwana Hasan, mkaguzi wa afya, Bi Kidawa, mamake Pandu, Pandu mwenyewe na wenziwe, wamepangwa safu, na sufuria ya shaba ya Bi Kidawa, imefungwa kamba kama mshitakiwa.

Kosa la sufuria lilikuwa hili. Pandu na wenziwe kadhaa walikuwa wakiumwa tumbo, na fizi zao zimepiga mstari wa buluu. Bwana Hasan alisema hiyo ni sumu ya risasi, madini laini yaingiayo mwilini kidogo kidogo, akataka kujua watoto wanaipata wapi. Mwalim Msabah hakusita. Aliitaja sufuria ile, iliyopakwa bati upya ndani na fundi mpita njia, huenda bati lenye risasi, na iliyopikia kila karamu ya mtaa. Ikazuiliwa. Na arusi ya binti wa Bi Kidawa ilikuwa Ijumaa, pilau haina pa kupikiwa.

Bi Kidawa alikuja na hoja moja tu: mabinti zake wanakula chakula cha sufuria hiyo hiyo, na fizi zao nyekundu kama komamanga. Bwana Hasan akajikuna kidevu, akauliza kama watoto hawaipati skuli.

Mwalim aliona ametukanwa. Darasa lake? Kila asubuhi hukagua viganja na mifuko, maana wavulana hawa walishikwa na wazimu wa chubwi, vile vizito vya risasi vya mishipi, wanavyookota pwani kwa kuchezea shabaha. Tangu aanze ukaguzi hajaona hata moja. Tena darasa limetulia, nzi akipita husikika. Wakiitwa majina huguna tu, kwa adabu. Alitamani wakufunzi wake wa chuoni waje kuona.

Akawaonyesha. Viganja vitupu, mifuko imepinduliwa nje.

"Simai."

"Mm."

"Bakar."

"Mm."

"Pandu."

"Mm."

Bi Kidawa akakunja uso. "We Pandu, mimi ndo nlokufunza kuguna? Ukiitwa waitikaje?"

Pandu akamtazama Mwalim, akamtazama mama, akapima nani wa kuogopwa zaidi.

"Naam," akasema, na chubwi ikamponyoka shavuni, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Mwalim.

Bwana Hasan akataka wote waitike. Sakafu ikalia kama bati lililonyeshewa mvua.

"Kumbe ghala umeijenga wewe, Mwalim," alisema Bi Kidawa, kwa upole unaouma.

Mwalim aliokota chubwi moja, ingali na mate, akaigeuza kiganjani. Ukimya wote ule alioufurahia! Kisha akanyoosha koti lake, akawageukia.

"Kuanzia kesho ukaguzi wa mifuko umefutwa. Mwenye chubwi ataitia mwenyewe ndani ya kopo mlangoni, nami nitampa komwe, zile mbegu za bao, achezee badala yake. Akiitwa jina, ataitika naam, mdomo wazi, kelele nitazivumilia. Na sufuria ya Bi Kidawa inarudi leo. Nitaibeba mimi, kichwani, kwa kupitia sokoni."