Jina la Shule la Priska

Mama unayesoma hapa, kama nyumbani una mtoto wa darasa la saba, soma taratibu, usiruke mstari.

Huko Mamba, milimani Upare, yupo mama mmoja aitwaye Agatha, mjane wa Vitus, mkulima wa tangawizi. Mwaka huu, tangu Januari, mama huyo hakuwa na habari nyingine mdomoni ila Sri Lanka. Mkwe wake, Anderson, ni dereva wa watalii Moshi. Miaka kumi amewabeba watu wa likizo, akawafungulia milango, akawashushia mabegi, akawapiga picha wakiwa wamekumbatiana. Akasema sasa na yeye anataka kuitwa mgeni, japo mara moja, kabla mgongo haujaisha. Akaichagua Sri Lanka kwa sababu ya wazee wawili aliowahi kuwaendesha, ambao walimsimulia treni ya huko inayopanda katikati ya milima ya chai. Angekwenda na mkewe Priska, ambaye ni muuguzi, na watoto wao wawili, na mama mkwe.

"Mama sijamwona akipumzika tangu nimjue," Anderson alisema. Wangeondoka Aprili, wakati wageni wanapungua.

Kwenye kikundi cha tangawizi hawakumwacha Agatha salama.

"Sasa huko kuna nini?" aliuliza Devotha, mwenyekiti wao, siku wanaosha tangawizi mferejini.

"Kuna milima, kuna mvua, kuna migomba."

"Na tangawizi?"

"Anderson anasema wanalima sana."

"Jamani! Agatha anapanda ndege siku nzima akatazame migomba na tangawizi! Si uje kwangu ukae uani, nikuletee chai, halafu nikutoze nusu?"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha karai. Agatha naye alicheka, lakini ndani alikuwa amejaa raha. Alikwisha kushona magauni matatu mepesi. Alikwisha kununua begi la magurudumu, na siku alipolileta alilivuta juu ya mawe kutoka barabarani hadi kwake, makusudi, ili watu watoke nje wausikie ule mlio. Alipochomwa sindano ya homa ya manjano mkono ukamvimba, akawa anaupitisha mkono ule mbele ya watu kama mtu aliyevaa saa mpya. Pasipoti yake ilipotoka aliipeleka kanisani ndani ya Biblia.

Ya Anderson ikatoka. Za watoto zikatoka. Ya Priska ikakwama.

"Mama," Priska alisema kwenye simu, sauti imekauka, "wananiambia taarifa zangu zinagongana na za mtu mwingine. Jina lile lile, shule ile ile, mwaka ule ule. Wanatuita ofisini kwao, Same. Mimi, wewe, na huyo mtu."

Agatha alikaa juu ya gunia. Alijua ni mtu gani, ingawa hajawahi kumwona hata siku moja.

Priska alizaliwa Priska, akabatizwa Priska, binti Vitus. Miaka ishirini na mbili iliyopita alifanya mtihani wa darasa la saba hukohuko milimani, akaanguka. Agatha aliona maisha ya mwanawe yamefungwa kama mlango. Kurudia darasa hakuruhusiwi, lakini njia ilikuwapo na watu wengi waliijua. Akamteremsha mtoto hadi Ndungu, kwa shangazi yake, na huko bondeni wakampata mwalimu wa shule moja aliyekubali.

"Nina mtoro," mwalimu alisema. "Blandina Eliezeri. Amesajiliwa kwa mtihani na haonekani tangu Machi. Mwanao akae pale, aitike hilo jina, basi."

Agatha aliacha kuku wawili na ndoo ya maharage. Hakuuliza huyo Blandina ni mtoto wa nyumba gani. Hakuuliza anaumwa au amekufa. Njiani kurudi kwa shangazi akamfundisha mwanawe.

"Blandina!"

"Abee."

"Umechelewa. Blandina!"

"Abee!"

Priska akafaulu. Sekondari, chuo cha uuguzi, ajira, vyote kwa jina lile. Nyumbani Priska, kazini Blandina. Watu wakiuliza anawaambia ni jina la shule, na kwa kuwa walio hivyo ni wengi, hakuna aliyeshangaa. Hata Anderson hakujua zaidi ya hapo. Ni mmoja tu ambaye jina lile lilimuuma. Siku ya mahafali ya chuo, alipoitwa Blandina Eliezeri, Agatha alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Marehemu Vitus alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeitiwa mtoto wa jirani. Hakupiga makofi.

"Niachie mimi," Agatha alimjibu Priska kwenye simu.

"Utasema nini, mama?"

"Nimesema niachie. Tiketi zimekatwa, watoto wameshaaga shuleni. Wewe njoo na vyeti vyako."

Siku ya kuitwa walifika Same mapema. Priska alivuka barabara kwenda kutoa kopi za vyeti, Agatha akakaa kwenye benchi la korido. Pembeni yake alikuwapo mwanamke mwingine, kanga mbili, ndala, na tope la majaruba ya mpunga limekauka kwenye vifundo vya miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mbali?"

"Ndungu. Mpunga nimeuacha na ndege, sijui nitakuta nini." Akafungua mfuko wa karanga za kuchemsha, akammiminia Agatha nusu kiganjani. "Kula, mama, hapa tutakaa. Wewe unafuata nini?"

Na Agatha, badala ya kunyamaza, hakuweza kujizuia. "Pasipoti ya binti yangu. Tunakwenda likizo. Sri Lanka."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mbali. Ng'ambo ya bahari."

"Ee! Hongera mama yangu. Kumbe kuzaa kuna faida!" Yule mwanamke alicheka kwa furaha ya kweli, kama anayekwenda ni yeye. "Ukirudi utuambie mpunga wao ukoje."

"Na wewe je?"

"Mimi nahangaikia kitambulisho tu. Kila nikienda naambiwa nimeshaandikishwa. Nawaambia aliyeandikishwa si mimi, wananitazama kama kichaa. Hata laini ya simu natumia ya mume wangu. Nimebaki kucheka, maana nikianza kulia sijui nitanyamaza lini."

Karanga zilimkauka Agatha mdomoni. Hakuweza kuzimeza na aliona aibu kuzitema. Mlango ukafunguliwa na sauti ikaita, "Blandina Eliezeri!"

Mwanamke wa Ndungu akasimama. Na mlangoni, akiingia na kopi zake mkononi, Priska akaitika bila kufikiri, "Abee!"

Wakatazamana.

Ofisini afisa alikuwa kijana, umri wa kuweza kumwita Agatha mama, na ndivyo alivyomwita. Mezani aliweka vyeti vya Priska, rundo zima. Vya yule mwingine vilikuwa kadi moja tu ya ubatizo, iliyoliwa na mchwa pembeni.

"Mama, mimi nataka jambo moja. Kati ya hawa wawili, Blandina binti Eliezeri ni nani?"

"Ni huyu," Agatha alisema, akamwonyesha Priska.

"Lakini mumeo kwenye fomu zako wewe ni Vitus."

Hapo ndipo alipoutoa uongo alioupika wiki nzima. "Huyu nilimzaa usichanani, baba. Kabla ya ndoa. Nilizaa na Eliezeri."

Yule mwanamke aliruka kwenye kiti. "Na baba yangu?"

"Tulia, dada," afisa alisema.

"Nitulie nini? Baba yangu mzee wa kanisa, amelala kaburini, huyu mama anamvua nguo mbele yangu! Mwulize, afisa. Mwulize Eliezeri alikuwa mtu wa namna gani!"

Afisa akamgeukia Agatha. Agatha akatazama dari. "Alikuwa... mrefu. Mrefu tu, mweusi."

"Mrefu!" Blandina alicheka, machozi yakimtoka. "Baba alikuwa mfupi mpaka watu walimwita Kipande. Kwenye kwaya alisimamishwa mbele pamoja na watoto."

Afisa hakucheka. Aliandika, akamsogezea Agatha karatasi. "Hayo ndiyo maelezo yako, mama? Kama ndiyo, weka sahihi."

Agatha akaweka sahihi. Mama mwenzangu, nakuambia aliiweka, kwa sababu alikuwa anaiona ile treni ya milimani na wajukuu wakiwa dirishani.

Blandina hakumtazama yeye tena. Alimtazama Priska. "Mimi nilirudi shule," akasema taratibu. "Agosti. Mama yangu aliungua moto mwezi wa Machi, nikawa namuuguza, baba akiwa shambani. Alipokufa nikarudi. Nikafika dirishani wakiita majina. Wakaita langu, wewe ukaitika. Ulikuwa dawati la tatu. Uliniona."

Gari lilipita nje, mlio wake ukafifia.

"Nilikuona," Priska alisema.

"Priska!" Agatha aliropoka, na jina lenyewe likawa ushahidi.

"Nilikuona, dada. Mwalimu akakufukuza, akasema mtu asiye wa darasa hili asichungulie. Mimi nikainamisha kichwa nikaandika." Akavisukuma vyeti vyote kuelekea kwa afisa. "Mimi naitwa Priska. Baba yangu ni Vitus. Mama amedanganya, na alilosema juu ya baba yake huyu, na juu ya baba yangu mimi, si kweli."

Kama dunia ingepasuka Agatha angeingia. Sahihi yake ilikuwa bado mbichi mezani, mbele ya mtoto aliyemfundisha kuitika.

Afisa aliikunja ile karatasi, akaiweka kando, akatoa nyeupe. "Andika mwenyewe, mama. Tangu mwanzo, bila kuruka."

Agatha aliishia darasa la saba na kalamu huwa haimwendei mbio. Aliandika, watu watatu wakimngoja. Alipofika kwenye maneno "nikapewa jina la mtoro", kidole chenye tope kikashuka juu ya karatasi.

"Futa hapo," Blandina alisema.

Akafuta. Akaandika alivyoambiwa, Blandina akimtajia neno kwa neno: mwanafunzi aliyekuwa anamuuguza mama yake.

Walipotoka, Agatha alimfuata hadi kwenye ngazi. "Mwanangu, nisamehe."

"Usiniite mwanangu, mama. Watoto wako unao." Blandina hakusema kwa hasira. Aliangalia jua, akasema gari la Ndungu litamwacha, akaondoka.

Aprili imepita. Pesa za tiketi ziliteketea. Anderson hakumtamkia mama mkwe neno baya hata moja, na afadhali angetamka. Aliingia barabarani na wageni wengine wa likizo, akawafungulia milango. Blandina ameambiwa kitambulisho chake kinashughulikiwa. Priska ameapa mahakamani juu ya jina lake, na kazini amepewa barua ya kujieleza. Jibu halijaja. Kila namba asiyoijua ikipiga, anaitazama kwanza.

Na Agatha? Mamba alikuta watu wanamsubiri. "Vipi, ndege lini?" Devotha aliuliza. Akasema visa imechelewa. Wiki ya pili akasema hali ya hewa ya huko si nzuri. Wiki ya tatu hakwenda kikundini, alisema mguu unauma, na alipokutana na Devotha njiani akakumbuka kuchechemea.

Jumapili iliyopita alikwenda Moshi kuwaona. Priska alimpokea, akampa chakula, akarudi jikoni kuosha vyombo. Mjukuu mdogo akampandia bibi mapajani.

"Bibi, kwa nini hatukwenda Sri Lanka? Ndege iliharibika?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini, jepesi, halina uzito wowote. Jikoni vyombo vikanyamaza. Priska alikuwa anasikiliza.

"Haikuharibika," Agatha alisema. "Bibi alichukua kitu cha mtoto wa watu. Zamani. Akampa mama yako akitumie."

"Kitu gani?"

"Jina lake."

Mtoto akafikiri. "Si ungerudisha?"

"Sikurudisha," Agatha alisema, na uso wote ukamwaka moto mbele ya mtoto wa miaka sita. Alisubiri Priska aseme chochote, japo kumkaripia. Maji yakafunguliwa tena, na vyombo vikaendelea kugongana.