Karibu Nimalize

Neno lililomponza lilikuwa la silabi tatu tu, na alilisema hata mdomo ukiwa umejaa pini. Mtu alikuwa hajamaliza kubisha hodi, fundi keshaitikia: "Karibu!" Aje mwenye zipu iliyokatika, karibu. Aje mwenye suruali ya kupunguza kiuno, karibu. Aje asiye na nguo wala shida, ila jua limemchosha na ameona kiti kitupu, huyo ndiye alikaribishwa kuliko wote. Mtaa mzima ulimwita Mama Karibu, na yeye alilipokea jina hilo kama sifa. Ni sifa kweli, sitaki kumwonea. Ila kulikuwa na koti.

Koti lilining'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani. La kijivu, la kiume, lenye bitana nyeusi na mifuko miwili iliyokaa sawasawa. Mkono wa kushoto lilikuwa nao. Wa kulia ulikuwa umekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi chini ya meza, mwaka wa pili huo. Ukimwuliza habari za koti, alikujibu bila hata kuinua uso: "Karibu nimalize."

Lilikuwa koti la mtihani. Alikuwa amesoma ushonaji miaka mitatu katika chuo cha ufundi, masomo ya jioni, na kilichobaki kupata cheti ni kupeleka koti zima alilolishona mwenyewe. Mara ya kwanza hakupeleka, kwa sababu wiki ile jirani alikuwa anahama na mtu hawezi kuacha jirani ahame peke yake. Mara ya pili walikuja wageni wa upande wa mumewe, wakakaa siku tisa. Sasa ilikuwa imekuja barua, fupi na kavu kama barua za ofisini zilivyo: nafasi ya tatu na ya mwisho, Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya saa sita mchana. Asipoleta, jina linafutwa, na akitaka tena aanze masomo upya.

Msione ni karatasi tu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa fundi wa zipu na mapindo. Mwenye koti alimpita mlangoni, akamsalimia vizuri, akaendelea hadi kwa fundi wa barabara ya juu. Hata mumewe, mtu mpole asiyependa kuudhi hata paka, alipeleka koti lake kule kule, akalirudisha amelificha ndani ya mfuko. Fundi aliliona. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma: alikubaliana naye.

Basi siku ilipofika barua, akapanga. Kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, mlango ufungwe, kazi ya watu iwekwe kando, ashughulike na koti peke yake. Akamtangazia mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao na kushinda barazani akichambua mboga, akifuma vitambaa na kuhukumu wapita njia.

"Saa mbili nzima?" mama mkwe akauliza. "Wewe?"

"Mimi, mama."

"Haya. Tuombe uzima."

Saa nane na dakika kumi, akiwa ndiyo kwanza ameutoa mkono wa koti kwenye mfuko na kuukung'uta vumbi, ikasikika sauti anayoifahamu kuliko ya redio.

"Hodi humo!"

Alikuwa shoga yake wa nyumba ya pili, msusi, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Fundi akajikaza. Akaamua kumjibu kwa adabu, lakini kwa msimamo. Akapaza sauti: "Karibu nimalize!"

Msusi alisikia "karibu". Lile la pili likamkuta keshaingia, keshavua viatu, keshavuta kiti. "Usiniulize nilichokiona leo," akasema. Na fundi, badala ya kutomwuliza, akauliza. Waliachana saa kumi na moja na nusu.

"Karibu yako ina mkia," mama mkwe akamwambia jioni hiyo, bila kuacha kufuma. "Na watu hawasikilizi mkia. Kesho niachie mimi mlango."

Kesho yake mama mkwe akahamisha kigoda chake hadi kizingitini kabisa. Msusi alipotokea, akamkuta bibi kama komeo.

"Shikamoo mama. Mwenyewe yupo?"

"Marahaba. Hayupo."

Msusi akatazama chini. "Na viatu vyake hivi?"

Mama mkwe naye akavitazama. "Ametoka peku."

"Peku? Kaenda wapi peku?"

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima, sifuatilii miguu ya watu."

Ndani, fundi akabanwa na kicheko hadi kikamtokea puani. Msusi alikisikia. Aligeuka akarudi kwake polepole, na fundi akamwona kupitia pazia, mabega yamemshuka. Kicheko kikamkauka. Alikuwa amemwumiza mtu ambaye hakuwahi kumtendea baya lolote.

Hata hivyo, kimya alikipata. Mlango ulikuwa umefungwa, mlinzi wake hatongozeki, na saa mbili zote zilikuwa zake. Akakaa. Akaulaza mkono wa koti juu ya meza, akautazama. Akaona uzi umechanganyika kwenye kopo, akaupanga: mweusi huku, mweupe huku, wa rangi rangi kule. Akaona sakafu ina vipande vya nguo, akafagia. Akaipaka cherehani mafuta, ingawa aliipaka juzi. Akaona pasi ina doa. Saa tisa kasorobo akanyanyuka, akapita mlango wa nyuma, akavuka uwanja mdogo wa kuanikia nguo, na kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amesimama kwenye mlango wa msusi.

"Hodi," akasema.

Msusi alikuwa na mteja mikononi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Akamtazama shoga yake kutoka juu hadi chini. "Naona umerudi kutoka safari ya peku."

"Nisamehe, shoga. Ni lile koti. Watu hawaniachi nikamaliza."

"Watu gani? Mimi?"

Fundi akaangalia miguu yake.

"Ngoja nikuambie," msusi akasema, na vidole havikusimama. "Kila nikija kwako, nikimaliza habari yangu nanyanyuka niende. Kweli si kweli? Halafu wewe unasema nini? Unasema, 'Enhe, halafu?' Mimi sina halafu! Juzi habari ilikuwa imeisha kabisa. Ikabidi nitunge."

Mteja akacheka, akavutwa nywele, akaacha kucheka.

"Leo hakuna aliyekuita," msusi akaendelea, sauti imelegea. "Mlango unalindwa. Na umekuja mwenyewe, kwa miguu yako. Unakimbia nini kule ndani?"

Fundi akakaa kwenye ukingo wa benchi, na machozi yakamjia bila taarifa. Alisema kitu ambacho hakuwahi kumwambia hata mumewe. Ule mkono wa kushoto, ule unaosifiwa na kila anayeuona, hakujua aliuwekaje. Mkono wa koti huwa mpana kwa juu kuliko tundu la bega unamoingia, na ile ziada yote inabidi imezwe na mshono bila kuacha hata kunyanzi moja. Siku ile ulimezwa wenyewe. Alibahatisha. Sasa ilibidi aweke wa kulia ufanane nao, na ukiharibika, kila mtu ataona kwamba hata ule wa kwanza haukuwa wake. Koti likibaki hivyo hivyo msumarini, hakuna anayeweza kumwambia hajui.

Msusi aliufunga msuko aliokuwa nao, akashusha mikono. "Nenda ukauharibu," akasema taratibu. "Uharibu, uufumue. Mimi vichwa vingapi nimefumua? Muulize huyu." Mteja akaitikia kwa huzuni kwamba ni kweli. "Na mimi nitakuja saa kumi. Habari zote nitakuwekea."

Fundi akarudi. Viatu vyake akaviingiza ndani, maana hakutaka tena mama mkwe aseme uongo kwa ajili yake. Akaupiga bandi ule mkono kwa uzi mweupe, nyuzi kubwa kubwa za kushikizia, akaushona, akaugeuza. Ulikuwa mbaya. Ulisimama begani kama umenyakuliwa na mtu anayeugombania. Akaufumua.

Siku ya pili akauharibu tena, kwa namna nyingine. Siku ya tatu moyo ulimtaka anyanyuke mara kumi na moja. Alihesabu, kwa kuweka kifungo kimoja kwenye kisahani kila mara mwili ulipoanza kuinuka wenyewe. Kiu ambayo haikuwa kiu. Mboga ambayo ghafla ilihitaji kuonjwa chumvi. Alichogundua kilimshangaza: ile hamu ya kunyanyuka ilikuwa inakuja palepale sindano inapofika juu ya bega, pagumu, na akiiacha tu bila kuitii, ilipita baada ya nyuzi tano au sita. Siku ya nne vifungo vilikuwa saba. Mkono ulikuwa bado una kunyanzi mbili. Mama mkwe aliingia kuchukua maji, akaangalia kisahani, asielewe, akatoka kwa kunyata. Mwanamke yule hakuwahi kunyata maishani mwake.

Saa kumi kila siku msusi alifika na mzigo wake. Habari zilizokaa tangu asubuhi zilikuwa zimeiva, alisema mwenyewe, na walizicheka vizuri zaidi, kwa kuwa fundi hakuwa na koti la kumchungulia kutoka msumarini.

Alhamisi, siku moja kabla, fundi alikuwa kwenye bega kwa mara ya saba. Alikuwa ameanza kujua. Vidole viliisukuma ile ziada kidogo kidogo, mbele kidogo kuliko nyuma, na kitambaa kilitii. Ndipo ikazuka kelele nje. Watu walikimbia, mtu alilia, mtu alicheka, sufuria ilianguka, na jina la fundi wa barabara ya juu likatajwa mara tatu, na mara zote pamoja na jina la mwanamke asiye mkewe. Dirishani kikatokea kichwa cha msusi, macho yamemtoka.

"Njoo uone! Wee, njoo u..." Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akatikisa kichwa, akarudi nyuma, akapotea.

Jamani. Mguu wa fundi ulikuwa umeshatoka kwenye kanyagio. Moyo ulikuwa umeshafika barabarani. Miaka kumi na minne alisubiri kusikia neno lolote baya juu ya fundi yule, na sasa lilikuwa linasemwa kwa sauti, hatua thelathini kutoka mlangoni kwake, bure. Akachukua kifungo, akakiweka kisahanini. Akakitazama. Akashona uzi mmoja, akashona wa pili, machozi ya hasira yanamlenga, akashona wa tatu. Alipofika wa sita kelele zilikuwa bado zipo, lakini zilikuwa zimekuwa za watu wengine. Akazungusha bega lote hadi chini ya kwapa. Akakata uzi, akapiga pasi, akaligeuza koti na kuliinua kwenye mwanga wa dirisha. Halikuwa na kunyanzi. Jioni hiyo msusi hakufika; habari aliiweka hadi koti lipelekwe.

Ijumaa saa nne alikuwa chuoni, koti mkononi. Mlango wa chumba cha wasahihishaji ulikuwa umeegeshwa.

"Hodi," akasema.

"Karibu nimalize!" sauti ikajibu.

Mguu wake ulikuwa umeshavuka kizingiti. Akaurudisha, akajicheka kimoyomoyo, akasimama akasubiri. Huo mkia aliujua yeye kuliko mtu yeyote.

Msahihishaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuangalia mifuko wala kola. Aliingiza ngumi moja kwa moja ndani ya bega la kulia, akaligeuza nje ndani, akalipeleka dirishani, akakaa nalo huko muda mrefu kiasi cha mtu kuzeeka.

"Mkono huu kakuwekea nani?"

"Nimeuweka mwenyewe."

"Na huu wa kushoto?"

Angeweza kunyamaza. "Huo nilibahatisha," akasema.

Mzee akashusha miwani. "Ndiyo maana. Wa kulia umekaa vizuri zaidi." Akaandika, akaandika tena, kisha akalikunja koti kwa heshima, bitana nje. "Cheti kinachukua wiki mbili. Uje ukichukue, fundi."

Alirudi nyumbani akitembea, ingawa ni mbali. Alimkuta mumewe amekaa barazani na mama yake, na magotini ameshika koti lake, lile alilowahi kulificha ndani ya mfuko, kifungo kimoja kimeachia. Akamnyooshea. Fundi alilipokea, akaingia ndani, akalitundika kwenye ule msumari uliobaki mtupu, akasimama akilitazama kwa furaha ambayo hakuwa na haja ya kuificha.

Saa kumi kamili ikasikika sauti mlangoni.

"Hodi kwa fundi wa makoti! Leo nina halafu ya kweli, ya jana, sijaigusa!"

"Karibu," akasema. Halikuwa na mkia.