Baiskeli Isiyonyongwa

Miaka ile ya ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa, kila kikorokoro cha Dubai kilifika Kibiti, na Ridhiwani naye akajipatia baiskeli yenye kimota cha petroli. Basi hatulii! Sokoni kwa mota, msikitini kwa mota, hata dukani hapo jirani, kwa mota. Watu wakasema jamaa ana maringo. Laiti wangejua. Gogo la mkoko lilimwangukia nyonga zamani kule kwao Mbuchi, akahamia Kibiti ambako hakuna aliyemjua, na mkewe Rukaiya tu ndiye aliyemwona akichechemea, maana sokoni alinunua bila kushuka, na msikitini aliwahi wa kwanza, akatoka wa mwisho. Ridhiwani aliona afadhali aitwe mwenye maringo kuliko aitwe kiwete.

Sasa ikatoka amri ya kata: chombo chenye pedali kikinyongwa ni baiskeli, kisiponyongwa ni pikipiki, na pikipiki isiyo na leseni inakamatwa. Jumatatu asubuhi, mgambo Maneno akamsimamisha mbele ya soko.

"Zima mota," akasema. "Nyonga mpaka pale kwenye mashine ya kusaga, nikuone."

Ridhiwani akazima. Akaweka mguu kwenye pedali, akauondoa, akauweka tena. Maumivu yakampanda hadi mgongoni.

"Siwezi, Bwana Maneno."

"Huwezi nini?"

"Kunyonga. Nyonga mbovu."

Watu wakaangua kicheko. Mwanaidi, muuza samaki, akashika mbavu akisema huyu bwana ana maneno kumshinda hata Maneno mwenyewe.

"Nasema kweli," Ridhiwani akasema, nao wakazidi kucheka.

Hasira zikamkaba. Akashuka, akamwachia Maneno usukani, akatembea hatua kumi mbele yao, mguu mmoja ukitangulia, wa pili ukiburutwa nyuma. Kicheko kikakatika. Mwanaidi akainamia samaki wake.

Maneno alimwonea huruma, ila amri ni amri. "Kama huwezi kunyonga, basi hii ni pikipiki, kaka yangu," akasema taratibu. "Na leseni, kwa mguu huo, hawakupi." Akaanza kuikokota kwenda ofisini.

Nyuma ya maduka palikuwa na kichochoro cha kumfikisha Ridhiwani nyumbani bila kuonwa na mtu. Alikitazama. Kisha akaifuata baiskeli yake, akichechemea katikati ya soko zima.

"Punguza mwendo, Maneno," akasema, wote wakisikia. "Twende sote."