Ubavu wa Tumu

Tumu alikuwa aolewe Ijumaa na Athmani wa Tononoka, na pumzi ilikuwa ikimkataa. Amewekwa ndani, kapakwa liwa, ule unga wa msandali wa kunukia, mwili mzima, afukizwa udi asubuhi na jioni, na kila akikohoa mamake, Bi Mwanakuu, humziba mdomo kwa kanga majirani wasisikie. Bimdogo, somo wake wa kumfunda, alisema ni kiherehere cha uharusi. Kiherehere gani hicho cha kumzuia mtu asiweze kulalia ubavu wa kulia?

Daktari Zein alikwisha kuja mara moja. Tumu akajigubika kanga nyuma ya pazia, na daktari akaombwa apime juu ya nguo, asiivuruge liwa ya watu. Naye akakubali, ati heshima ya nyumba! Akasikiza kanga badala ya kifua, akaacha dawa ya kikohozi, akaenda zake.

Leo kaitwa tena, na Bi Mwanakuu akafunga pazia lile lile. Tumu akalivuta likaanguka na kamba yake.

“Una wazimu? Liwa itatoka, na wakwe wako wako barazani.”

“Itoke, mama. Mimi nafa na nyinyi mwanipamba.”

Akampa daktari mgongo, akajiziba mbele, akaishusha kanga hadi kiunoni. Haya zilimjaa, lakini hasira zilizidi.

Daktari alimtazama akivuta pumzi. Upande wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulibaki pale pale. Akalaza kidole mgongoni, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili. Kulia kulilia kama debe tupu. Kushoto, chini ya bega, kulikuwa kuzito kama debe la maji. Akaweka kipimo chake hapo, akasikiza sana.

“Huku sisikii pumzi,” alisema, uso umemshuka. “Maji yamejaa ubavu wa kushoto, yamelibana pafu; ndiyo maana akilalia kulia, kwenye pafu zima, hapati pumzi. Ningemkagua vyema siku ile ningejua. Aende hospitali leo yakatolewe kwa sindano. Huenda ni kifua kikuu.”

Bimdogo alishika kichwa. Bi Mwanakuu alikaa kitandani.

“Na harusi? Tutawaambia nini watu?”

“Waambieni bibi harusi ni mgonjwa.” Tumu alikuwa tayari anavaa buibui lake.

“Athmani akisikia kifua kikuu atakuacha, mwanangu.”

“Na aniache nikiwa hai,” alisema Tumu, akafungua mlango wa barazani.