Mti Mmoja, Maswali Mawili

Kwa miaka kumi na moja, Bilhah Nyagaka, mwalimu wa Historia, na Kiptum wa Jiografia waliwapeleka wasichana wao nyuma ya jiko la shule, penye mti mmoja wa chai. Chai isipopogolewa hurefuka ikawa mti kweli, na huo uliachwa tangu shule hiyo ya karibu na Sosiot ilipokuwa kona ya shamba kubwa.

Kiptum ndiye aliyeanza. Mbona chai imekubali hapa, na kule chini Soin imekataa? Wasichana walitaja mvua, mwinuko, udongo. Kisha Bilhah aliuliza lake: nani aliupanda? Hilo hakulijibu hata siku moja. Aliwatuma wakaulize nyumbani, na wiki iliyofuata darasa likageuka uwanja wa vita. Mmoja alisema ni mzungu. Mwingine alisema babu yake alitoka Kisii akaupanda kwa mikono yake, mzungu alisimama tu kando na kofia yake. Wa tatu alisema nyanya yake hataki hata kuusikia mti huo, maana palikuwa na boma la kwao. Tumwamini nani, Bilhah aliwauliza, na kwa nini? Ubishi huo ndio aliouita Historia.

Siku moja wakinywa chai ya saa nne, alimwambia Kiptum kwamba somo si ghala la majibu, ni namna ya kuuliza tu. Kiptum alisema hajawahi kusikia jambo hilo likielezwa vizuri hivyo.

Ukaja mtaala mpya, shule ikatakiwa kupeleka orodha ya masomo ya Gredi ya Kumi. Walimu hawatoshi, mwalimu mkuu alisema. Kati ya Historia na Jiografia libaki moja, na mwalimu wa lile jingine atahamishwa madarasa ya mtaala wa zamani yakishamaliza. Bilhah na Kiptum wakakubaliana kusimama pamoja: kila mmoja apunguziwe vipindi, masomo yote mawili yabaki. Walipeana mikono.

Kwenye mkutano Bilhah alisimama kwanza, akayasema waliyopatana. Kisha Kiptum akainuka, mkononi ana karatasi ambayo Bilhah hakuwahi kuiona.

"Madam mwenyewe aliniambia somo ni namna ya kuuliza tu," alisema. "Sasa kama ni kuuliza, hiyo swali yake hata mimi nitauliza. Hakuna haja ya mwalimu mzima."

Walimu wakacheka kidogo, kisha mikono ikainuliwa, na Historia ikafutwa. Kushindwa kwa kura Bilhah angekuvumilia. Kilichomchoma ni kwamba alichapwa kwa maneno yake mwenyewe, aliyomwambia rafiki, na rafiki huyo akayaweka hadi siku yatakapomfaa. Baadaye Kiptum alimfuata koridoni kumweleza kwamba ana watoto shuleni na uhamisho ungewavuruga, kana kwamba watoto wa Bilhah walikuwa mbuzi. Tangu siku hiyo hakunywa naye chai tena.

Mwezi wa Februari, akipita na madaftari ya Fomu Four, aliwaona wasichana wa Gredi ya Kumi chini ya ule mti. Akasimama. Kiptum alimaliza mvua na mwinuko, akanyamaza kidogo kama Bilhah alivyozoea kunyamaza, halafu akauliza nani aliupanda.

Msichana mrefu wa mbele, Chepyegon, alianza kusema kwamba kogo yake, yaani nyanya, husimulia kuwa hapo palikuwa na nyumba.

"Wazungu," Kiptum alimkata kauli. "Andikeni. Tarehe iko ukurasa wa pili."

Wakaandika. Chepyegon alimtazama mwalimu, akautazama mti, naye akaandika.

Kiptum alipogeuka na kumwona Bilhah, uso ulimchangamka. Bilhah aliona kwamba mtu huyu hata hajui alichokichukua, na hilo lilimuuma kuliko karatasi ya siku ile.

"Madam, si nimeuliza tu vile wewe huuliza?"

"Umelijibu, Mwalimu," alisema Bilhah.

Kiptum alidhani amesifiwa. Akamshukuru mbele ya darasa zima, kisha akawaambia wasichana wafunge vitabu, na Chepyegon akafunga chake.