Swali la Kabula

Sabina alitia kipande cha samaki, sato, kwenye bakuli, akalifunika, akaliweka mbele ya binti yake. Kabula alimvuta mkono. Sabina hakufunua.

"Nini hiki?" Kabula akasema mwishowe, akapewa.

Ndivyo alivyoelekezwa na Precious, mwalimu wa watoto wenye usonji pale Kirumba: ficha anachokipenda, subiri aulize. Baada ya "nini" ikaja "wapi". Sabina akataka "kwa nini".

"Hiyo ngumu, mama Kabula. Tuanze na 'nani'."

"Nani namjua," Sabina akajibu.

Alimjua vizuri. Siku wageni walipotembelea shule, Mwalimu Mkuu Machibya alimfungia Kabula kwenye stoo ya majembe, akamsahau humo hadi jioni. Mtoto alitoka kucha zimevunjika, na hakuwa na neno la kusema.

Kabula alipolimudu swali la "kwa nini", Sabina alimvalisha gauni la kanisani, wakaenda nyumbani kwa Machibya, Mkuyuni. Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. Machibya mwenyewe alikuwa sebuleni anakunywa chai. Walisimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni."

"Kwa nini ulinifungia?" Kabula akauliza.

Machibya akacheka. "Kumbe anaongea! Mungu mkubwa."

Hilo halikuwa jibu. Mlango ukazibika mbele ya pua zao, ukawa ukuta wenye plasta na rangi. Wa uani nao vilevile. Likabaki dirisha dogo la nondo. Mkewe akatua beseni, akamwomba mumewe ampitishie sufuria dirishani. Fundi aliyeitwa alibomoa ukuta, akakuta ukuta mwingine, akafungasha nyundo zake. Shule ikawa inamletea Machibya karatasi za kusaini hapohapo dirishani.

Baada ya wiki kadhaa sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Mama Kabula! Mlete aniulize tena! Nitasema kweli, niliona aibu wageni wamwone!"

Lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza, na ukuta haukutikisika. Sabina alikuwa anapita na beseni la dagaa kichwani, Kabula kando yake. Alijisikia kama mtu aliyeshiba.

"Kwa nini analia?" Kabula akauliza.

Sabina alishaona yanayompata anayekwepa. "Kwa sababu sitaki atoke," akasema.

Kabula akaridhika, wakaenda zao. Nyumbani walikuta mlango uko mahali pake.

Ufunguo wa stoo sasa anao mwalimu mkuu msaidizi. Wiki hiyo wageni walikuja tena. Aliyefungiwa ni Nkwabi, mtoto mwingine mwenye usonji, ambaye bado hajafundishwa kuuliza.