Chandarua Juu ya Kabichi

Siku ya kumi na mbili asubuhi, Fundi Saa alifunua pembe ya chandarua akakuta kabichi zake zimetobolewa kama chekecheke. Alisimama, mkono kiunoni, hata kulaani kukamshinda.

Lipi hakulifanya? Majivu alinyunyiza, mvua ikayasomba. Pilipili alitwanga pamoja na kitunguu saumu, akaviloweka siku nzima, akatia sabuni ya kipande na kupuliza, mpaka aliyetoka machozi akawa yeye. Mwisho alishona vyandarua viwili vikuukuu vikawa kimoja, akafunika tuta zima, pindo akalikandamiza kwa matofali, pasibaki upenyo wa kipepeo kupita. Viwavi nao walikuwa humo ndani, wanakula raha mustarehe.

Mkewe alikuwa amempa siku kumi na mbili, nazo zilikuwa zinaishia siku hiyo. Kabichi zisipopona, mkewe angepuliza dawa ya dukani, na bustani ingekuwa yake tangu hapo. Fundi alikuwa ameapa kwamba sumu haitamwagwa hatua sita kutoka kisima wanachochotea maji ya kunywa. Tena, tangu afunge kibanda chake cha saa, hakuwa na kazi nyingine ya kuamkia.

"Fundi! Wagonjwa wako wameamkaje?" mkewe aliuliza kutoka mlango wa jikoni, chupa ya dawa mkononi.

Macho ya Fundi yalikuwa kwa ndege mdogo aliyekuwa akirukaruka nje ya pindo, akidonoa chandarua, akitafuta pa kuingilia. Fundi akainama, akageuza jani. Upande wa chini aliona maganda ya mayai ya kipepeo, manjano, yamepangwa safusafu. Mayai yalikuwapo kabla ya chandarua. Akaketi juu ya tofali kama aliyepigwa ngumi.

"Nini tena?"

"Walikuwa ndani tangu mwanzo," alisema kwa shida. "Mimi nimewazibia ndege tu."

Mkewe alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Kumbe umewafungia wezi ghalani, polisi ukawaacha nje!"

"Cheka, cheka umalize." Akaking'oa kile chandarua kwa nguvu, kikachanika. "Nipe leo tu. Nitawaokota kwa mkono."

"Kwa mkono gani, baba?"

Neno lilimtoka mkewe kabla hajalipima. Mikono ya Fundi ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka uliopita. Ndiyo iliyokifunga kibanda, ijapokuwa nyumbani humo jambo hilo halikutajwa.

Fundi aliingia ndani, akatoka na kibanio chake cha kutengenezea saa na ndoo ya maji ya sabuni. Akalenga kiwavi. Ncha ikatoboa jani. Akalenga tena, kiwavi akaporomoka hadi moyoni mwa kabichi. Mara ya tatu alibana hewa. Vidole vilivyokuwa vikiketisha skrubu nyembamba kama unywele vilikuwa vinashindwa na mdudu mnene kama kijiti cha kiberiti! Hasira ilimpanda, naye hakuwa na wa kumtupia.

Mkewe aliiweka chupa dirishani, kizibo kikiwa bado kimefungwa, akavuta kigoda. "Lete hicho kibanio."

"Bustani ni yangu."

"Na kisima je? Si tunakunywa wote? Lete, bwana, jua linapanda."

Fundi akampa kibanio, uso kaugeuza pembeni.

"Haya, nishikie jani. Ligeuze juu."

"Litatikisika."

"Nimeishi nawe miaka arobaini, mitikisiko nimeizoea. Geuza."

Akageuza. Kiwavi wa kwanza akatumbukia ndooni, wa pili akamfuata. Mkewe akahamia jani lililofuata.

"Umemruka mmoja," Fundi alisema kwa ukali. "Pale, kando ya mshipa."

"Nimemwona."

"Hukumwona."

"Shika jani, mzee!"